Sura ya Nne: Mwalimu Akifanya Naelewa, Nikibaki Peke Yangu Nakwama

Kuna lalamiko ambalo wazazi, walimu na wanafunzi wenyewe hulileta kwa maneno yaleyale, iwe ni hesabu za darasa la saba, fizikia ya kidato cha tatu au uhasibu wa chuoni: "Mwalimu akifanya ubaoni naelewa kabisa. Nikifika nyumbani nikafungua daftari, hata pa kuanzia sipaoni." Dawa inayotolewa mara nyingi ni moja tu: fanya mazoezi zaidi. Mwanafunzi aliyeshindwa maswali 10 anapewa 20. Anakesha nayo, anapata machache kwa kubahatisha, na kesho yake anaambiwa hana juhudi.

Dawa hiyo si mbaya, ila kwa anayeanza hutolewa mapema mno. Kabla ya kurundikiwa maswali, anayeanza anahitaji kurundikiwa maswali yaliyokwisha kufanywa, hatua zote zikiwa wazi, ayasome polepole. Tutayaita mifano iliyotatuliwa. Mfano uliotatuliwa una vitu vitatu: swali, hatua za kulifikia jibu, na jibu lenyewe. Majibu matupu yanayopangwa kurasa za mwisho za kitabu hayahesabiki humo. Yale humwambia mwanafunzi kwamba amekosa, basi.

Kichwa kikijaa

Jaribu kuzidisha 47 kwa 36 bila kalamu. 47 mara 30 ni 1,410, iweke hiyo. 47 mara 6 ni 282. Sasa jumlisha na ile ya kwanza. Ilikuwa ngapi vile? Jibu ni 1,692, na hakuna hatua hata moja ambayo mtoto wa darasa la nne haijui. Kilichokutoa jasho ni kuzishikilia namba zote kwa pamoja.

Wanasaikolojia huiita nafasi hiyo kumbukumbu ya kazi, yaani ile sehemu ya akili inayoshika mambo tunayoyashughulikia sasa hivi. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller alikadiria kwamba inaweza kushika vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Watafiti waliokuja baadaye wameshusha makadirio hayo hadi vinne au karibu na hapo. Ni kama meza ya fundi cherehani wa barazani: kitambaa kikishatandazwa, mkasi na futi havina pa kukaa.

Sasa mfikirie mwanafunzi aliye mbele ya swali geni. Anashika kilichoulizwa, namba alizopewa, kanuni tatu anazodhani huenda zikafaa, ile aliyoijaribu ikagoma, na woga wake. Nafasi imekwisha. Akipata jibu kwa bahati, hana tena pa kuweka fikra ya "nimelipataje?" Na fikra hiyo ndiyo ingemsaidia kesho.

Walipata majibu, hawakupata somo

Aliyelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi ni John Sweller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New South Wales, mjini Sydney, Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mchezo wa namba. Unapewa namba ya kuanzia na namba ya kufikia, na unaruhusiwa mambo mawili tu: kuzidisha kwa 3, au kutoa namba fulani isiyobadilika. Maswali yalitungwa kwa hila ndogo: yote yalitatuliwa kwa kupokezana, zidisha, toa, zidisha, toa, mpaka mwisho. Wanafunzi waliyatatua bila taabu kubwa. Ila wachache mno ndio waliogundua kwamba kuna utaratibu wa kupokezana. Walikuwa wamekazana kuipunguza tofauti kati ya namba waliyonayo na ile wanayoitaka, hatua kwa hatua, hata wakafika bila kujua wamepita njia gani.

Mwaka 1985 Sweller na Graham Cooper wakahamia kwenye aljebra, wakifanya kazi na wanafunzi wa shule. Kundi moja lilipewa maswali yote liyatatue lenyewe. Kundi la pili lilipewa maswali hayohayo yakiwa jozi jozi: la kwanza limetatuliwa, la pili linalofanana nalo ulifanye mwenyewe, kisha jozi nyingine. Kundi la pili lilitumia muda mfupi zaidi kujifunza. Lilipopewa mtihani wa maswali ya namna ileile, lilimaliza upesi zaidi na kukosea mara chache zaidi. Kwenye maswali yenye muundo tofauti, hata hivyo, mifano haikuonyesha faida. Hilo la mwisho husahauliwa na wanaoshabikia njia hii, nasi tutalirudia.

Miaka miwili baadaye, Zhu Xinming wa China na Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, waliandika kuhusu darasa la nchini China lililofundishwa aljebra na jiometri kwa mifano na mazoezi yaliyopangwa kwa uangalifu, pasipo mihadhara ya kawaida. Mtaala wa miaka mitatu ulimalizika kwa miwili.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* anayeanza akipambana na swali peke yake hutumia akili yote kutafuta jibu, asibakiwe na ya kujifunzia njia. Mfano uliotatuliwa humpunguzia mzigo wa kutafuta.

Wazee wa zamani walifundishaje

Hakuna jipya sana hapa. Moja ya maandishi ya kale kabisa ya hesabu tuliyonayo, mafunjo ya mwandishi wa Kimisri aitwaye Ahmes ya mnamo 1550 KK, ni mkusanyiko wa maswali 84 yenye majibu. Swali mojawapo: kiasi fulani, ukikijumlisha na sehemu yake ya saba, unapata 19. Ahmes anaanza kwa kubahatisha 7. Saba na sehemu yake ya saba ni 8. Kisha anatafuta 8 inaingia mara ngapi katika 19, anapata mara mbili na robo na sehemu ya nane, na anazidisha 7 kwa hiyo. Jibu ni 16 na sehemu tano za nane. Halafu anahakiki. Safi kabisa. Ila hakuna mahali anapoeleza kwa nini alianza na 7, na mwanafunzi inabidi agundue mwenyewe kwamba 7 imechaguliwa ili sehemu yake ya saba itoke namba nzima.

Sasa mwangalie Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, katika karne ya tisa. Kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina, nacho kimejaa mifano. Ulio mashuhuri kuliko yote: mraba, ukiongezwa mizizi yake kumi, ni 39. Kwa maandishi ya leo, x² + 10x = 39. Anatoa hatua: chukua nusu ya kumi, ni 5, izidishe kwa yenyewe, 25, jumlisha na 39, ni 64, kipeuo chake cha pili ni 8, toa ile 5, mzizi ni 3.

Mwanafunzi wa Ahmes angeishia hapo. Al-Khwarizmi anachora. Mraba wenye upande x. Pembeni mwake anaubandika mstatili wenye upana wa 5, na chini yake mwingine kama huo, maana ile 10 ameigawa nusu kwa nusu. Eneo la vyote vitatu ni 39. Lakini umbo hilo lina pengo kwenye kona, na pengo lenyewe ni mraba wa 5 kwa 5. Ukiliziba kwa 25 unapata mraba mkubwa kamili wa 64, upande wake ni 8, na 8 hiyo ni x na 5. Ghafla zile hatua zinaonekana zinatoka wapi. Kwa maoni yangu huo ndio mfano uliotatuliwa vizuri kuliko yote katika historia ya hesabu, na inasikitisha kwamba vijana wengi huifikia kanuni hiyohiyo ya kukamilisha mraba bila kuchorewa hata mstari mmoja.

Sehemu kubwa ya mwisho ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Wasomaji wa pwani hawatashangaa. Anayesoma faraidhi, elimu ya kugawa mirathi ya Kiislamu, hupitishwa kwenye masuala ya aina hiyo moja baada ya jingine. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu. Mume ana robo. Kinachobaki kinagawanywa, mwana wa kiume akipata fungu mara mbili ya binti. Mali inafanywa mafungu 20: mume 5, mwana 6, kila binti 3. Mwanafunzi anayekariri "20" ataumbuka kwenye suala linalofuata. Anayejiuliza "kwa nini 20, mbona si 12?" ataona kwamba ilitakiwa namba inayotoa robo, na baki yake igawanyike kwa matano. Huyo sasa anaweza kumgawia marehemu mwingine.

Kusoma mfano na kuutazama tu

Mwaka 1989 Michelene Chi na wenzake nchini Marekani waliwataka wanafunzi waseme kwa sauti kila wanachowaza wakati wakisoma mifano iliyotatuliwa ya fizikia, ile ya nguvu na mwendo. Baadaye waliwapa maswali, wakawatenganisha waliofanya vizuri na waliofanya vibaya, kisha wakarudi kusikiliza walichokuwa wamesema.

Waliofanya vizuri walikuwa wakijieleza: hatua hii imetokana na ile kanuni, hapa wamechagua mhimili huu kwa sababu kamba imelala hivi. Huko ndiko tutakakokuita kujieleza mwenyewe, yaani kujijazia sababu ambazo mfano haukuzitaja. Waliofanya vibaya walirudia maneno ya kitabu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba waliofanya vizuri ndio waliosema mara nyingi zaidi "hapa sijaelewa". Wale wengine waliona kila kitu kiko sawa.

Hapo tunapata jibu la lile lalamiko letu la mwanzo. "Mwalimu akifanya naelewa" mara nyingi humaanisha kwamba hakuna hatua iliyonishtua. Hesabu ikiandikwa na mtu anayeijua huteremka vizuri, na jicho huteremka nayo.

Tuuone mfano mmoja kwa karibu.

*Asha na Juma wana jumla ya shilingi 24,000. Asha ana shilingi 6,000 zaidi ya Juma. Kila mmoja ana shilingi ngapi?*

Wengi, wakubwa kwa wadogo, hujibu haraka: Asha 18,000, Juma 6,000. Hatua sahihi ni hizi:

1. 24,000 − 6,000 = 18,000
2. 18,000 ÷ 2 = 9,000, hizo ni za Juma
3. 9,000 + 6,000 = 15,000, hizo ni za Asha

Anayetazama tu atasema "sawa", aende. Anayesoma atakwama kwenye hatua ya kwanza: tumetoa 6,000 ya nini? Tumeiondoa ile ziada ya Asha ili wawili hawa wawe sawa. Na wakiwa sawa ndipo inaporuhusiwa kugawa kwa mbili. Kabla ya hapo, kugawa kwa mbili hakuna maana. Kisha atahakiki: 15,000 na 9,000 ni 24,000, na tofauti yao ni 6,000. Lile jibu la haraka je? 18,000 na 6,000 jumla yake ni sawa, ila tofauti ni 12,000. Limekidhi sharti moja, likaliacha la pili.

Ganda na kiini

Sasa badili neno dogo: *Asha ana mara tatu ya fedha za Juma.* Jumla ni ileile 24,000. Safari hii jibu ni 18,000 na 6,000, lilelile tulilolikataa hivi punde. Watu ni walewale, fedha ni zilezile, hesabu ni nyingine kabisa.

Na swali hili: *shamba la mstatili lina mzunguko wa mita 120, urefu umezidi upana kwa mita 20.* Hakuna Asha, hakuna fedha. Ila nusu ya mzunguko, 60, ni urefu na upana kwa pamoja. Ondoa ziada ya 20, zibaki 40. Gawa kwa mbili, upana ni 20 na urefu 40. Hii ni hesabu ya Asha na Juma iliyovaa nguo za shambani.

Mambo yanayoonekana juujuu, yaani majina, fedha na mashamba, tuyaite ganda. Uhusiano wa namba ulio ndani tuuite kiini. Anayeanza hupanga maswali kwa maganda: haya ya fedha, haya ya mashamba. Aliyebobea huyapanga kwa viini.

Kwamba kiini hakionekani kirahisi kilionyeshwa mwaka 1980 na Mary Gick na Keith Holyoak wa Marekani. Waliwapa watu swali hili: mgonjwa ana uvimbe tumboni usioweza kupasuliwa. Kuna mionzi inayoweza kuuangamiza, lakini ikiwa kali itaunguza na nyama nzima inakopitia. Ikiwa hafifu haitaudhuru uvimbe. Daktari afanyeje? Ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyepata. Wengine walisomewa kwanza kisa cha jemadari aliyetaka kuiteka ngome: barabara zote zilitegwa mabomu yanayolipuka likipita jeshi kubwa, hivyo akaligawa jeshi katika vikosi vidogo, kila kimoja kikashika njia yake, wakakutana ngomeni. Jibu la daktari limo humo: mionzi hafifu mingi kutoka pande mbalimbali, ikutane kwenye uvimbe. Hata hivyo wengi wa waliosikia kisa hicho hawakuona uhusiano wowote, mpaka walipodokezwa kwamba kile kisa kingewafaa. Baada ya kudokezwa, robo tatu hivi walipata.

Utafiti wa baadaye wa haohao wawili ulionyesha kinachosaidia: visa viwili vyenye kiini kimoja na maganda tofauti, msomaji akatakiwa aeleze vinafananaje. Kwa hiyo mfano mmoja hautoshi, hata uwe mzuri vipi. Na ile kasoro tuliyoiacha kwa Sweller na Cooper nadhani imekaa hapahapa: mifano yenye sura moja humzoesha mtu sura hiyo tu.

Kuufuta mfano kidogo kidogo

Kusoma tu hakumfanyi mtu awe mtendaji. Ipo siku lazima kalamu ishikwe. Mjerumani Alexander Renkl na Mmarekani Robert Atkinson waliijaribu njia ya kuufuta mfano hatua moja moja, wakianzia mwisho. Chukua mlinganyo huu:

- 3(x − 2) = 15
- 3x − 6 = 15
- 3x = 21
- x = 7

Mara ya kwanza mwanafunzi anausoma wote na kueleza kila mstari umetokaje kwenye uliotangulia. Mara ya pili anapewa mlinganyo mwingine wa sura hiyo, mstari wa mwisho ukiwa wazi aujaze. Mara ya tatu, miwili ya mwisho. Halafu anabaki na swali tupu. Uzuri wa kuanzia mwisho ni kwamba anakijaza kipande kidogo huku njia nzima ya kufika hapo ikiwa mbele ya macho yake.

Mwalimu hahitaji kitabu kipya kwa hili. Kifutio cha ubaoni kinatosha.

Lini uachane na mifano

Slava Kalyuga, akishirikiana na Sweller na wengine, aliwafuatilia wanagenzi wa ufundi wa viwandani huko Australia. Mwanzoni waliosoma mifano iliyotatuliwa waliwazidi wenzao. Walipozidi kuzoea kazi, mambo yakageuka: waliotatua wenyewe ndio waliosonga mbele, na mifano ikawa inawachelewesha waliokwisha kujua.

Rudi kwenye mlinganyo wa hapo juu. Mwenye uzoefu haoni haja ya kufungua mabano: anagawa pande zote kwa 3, anapata x − 2 = 5, na x ni 7. Kumlazimisha apitie mistari minne ni kumrudisha nyuma. Dalili za kwamba wakati umefika ni kama hizi:

- anataja hatua inayofuata kabla hajaifunua;
- anaona njia fupi kuliko ya kitabu, na anaweza kuitetea;
- ukibadili ganda, hababaiki.

Zikionekana, mpe maswali, tena yaliyochanganywa, maana kwenye mtihani hakuna anayemwandikia juu ya swali kwamba hili ni la aina ya Asha na Juma.

Na mzazi ambaye hesabu hizi hazijui?

Wazazi wengi hukaa mbali na madaftari ya watoto wao kwa sababu hesabu za siku hizi zimewapita. Kwa njia hii, kutojua hakumzuii mtu. Muombe mtoto mfano aliofanya mwalimu, funika hatua zote kwa karatasi, kisha zifunue moja moja. Kila ukifunua, uliza: hii imetoka wapi? Kwa nini hapa wametoa, hawakujumlisha? Ile 6,000 wakibadili iwe 4,000, kitabadilika nini humu? Hulazimiki kujua jibu. Sikiliza tu kama mtoto anatoa sababu au anasoma kilichoandikwa. Akisema "mwalimu alifanya hivyo", weka alama ya kalamu pembeni mwa mstari huo. Kesho akamuulize mwalimu kuhusu mstari huo mmoja, badala ya kumwambia kwamba hajaelewa somo zima, jambo ambalo mwalimu mwenye watoto 60 hana la kulifanya.